Machozi Hayalipi Deni

Khatima ya filamu ya kifamilia hujulikana kabla mkanda haujafika nusu. Mgonjwa amelala kitandani, aghalabu baba mwenye mali au ami aliyeitafuna mali hiyo. Kando yake amesimama aliyedhulumiwa: binti aliyefukuzwa, mjane aliyetupiwa vyombo vyake nje kabla eda haijesha, au mtoto aliyekanwa jina la baba yake. Muziki unapanda. Mgonjwa anatamka neno "nisamehe", aliyedhulumiwa anamwangukia kifuani, wote wanalia, na majina ya waigizaji yanaanza kupita juu ya kioo. Nyumba iliyochukuliwa haitajwi tena. Jina halikurejeshwa. Shamba lingali mikononi mwa aliyelipora. Mtazamaji anafuta macho yake na kuondoka akiamini kwamba ameona haki ikitendeka.

Hajaona haki yoyote. Ameona machozi, na machozi hayajapata kulipa deni.

Mazoea haya yamekita mizizi katika filamu za video zilizoenea Tanzania tangu Girlfriend ya mwaka 2003 ilipowaonyesha wafanyabiashara kwamba soko lipo, na katika hadithi nyepesi za magazetini zilizozitangulia. Kosa la kazi hizo si kuhubiri msamaha. Msamaha ni pambo la muungwana, na nyumba isiyojua kusamehe haikaliki. Kosa lao ni kuufanya msamaha uwe rahisi kwa mkosaji na ghali kwa mkosewa. Mtoto wa pwani hufunzwa tangu chuoni kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likiwa limegusa haki ya mja, liko sharti la nne: kumrejeshea mwenyewe haki yake, au kumtaka radhi naye akaridhia kuiacha. Mtunzi anayelifuta sharti hilo la nne hakuzidisha huruma ya hadithi yake. Amepunguza uadilifu wake.

Sharti hilo likishafutwa, hupotea na jambo jengine kubwa zaidi, nalo ni kumjua aliyekosa. Katika hadithi hizo mkosaji karibu daima ni mgeni katika ukoo: mama wa kambo, wifi, mkwe, mfanyakazi wa ndani, au mganga aliyeitwa usiku. Baba mwenye nyumba huwa ama amerogwa ama amedanganywa. Uchawi ukiondolewa, naye huamka akiwa mwema kama alivyokuwa. Kwa hila hiyo nyumba yenyewe haishitakiwi kamwe. Ukoo hutoka mahakamani bila ya doa, na hukumu ikamwangukia mwanamke aliyeingia kwa mlango wa ndoa.

Filamu za Kihindi, zilizowaliza watu wa visiwani kwa vizazi, zinaonyesha njia zote mbili, iliyopotoka na iliyonyooka. Katika Baghban ya mwaka 2003, mume na mke wazee, walioigizwa na Amitabh Bachchan na Hema Malini, wanagawanywa na watoto wao wanne wa kiume, baba huku na mama kule, kama samani za nyumba inayohamwa. Ni nani asiyetokwa na machozi? Lakini wazazi hao wamechorwa malaika, na watoto, isipokuwa yule waliyemlea bila ya kumzaa, wamechorwa mawe. Swali moja halikuulizwa: watoto wanne waliokulia chini ya paa moja walijifunza wapi ugumu huo wa moyo? Filamu inayolikwepa swali hilo inawaliwaza wazazi tu, haiwafunzi kitu.

Miaka 52 kabla yake, mwaka 1951, Raj Kapoor alitoa Awaara, filamu iliyopendwa mno Zanzibar na katika miji ya mwambao. Humo jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi anamfukuza mke wake mja mzito kwa shaka tu, baada ya mke huyo kutekwa na jambazi na kurudishwa. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia katika ufukara, anafunzwa wizi, na mwishowe anasimamishwa kizimbani kwa kutaka kumwua jaji huyo huyo. Wakili wa kijana anamhoji jaji mbele ya hadhara. Siri ya nyumba inasomwa mahakamani, na aliyezoea kuhukumu anageuka kuwa wa kuhukumiwa. Baba analia, naam, analia sana. Lakini machozi yake hayamfungulii mwanawe mlango wa gereza: kijana anakwenda kutumikia kifungo chake. Hapo ndipo filamu hiyo ilipozishinda nyengine nyingi. Haikumpa baba uhuru wa kuirudisha nyuma miaka aliyoiharibu.

Riwaya bora za Kiswahili zimeshika njia hiyo, na si sadfa kwamba nyingi kati yake zimetoka visiwani. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976, binti anaikimbia nyumba ya baba yake, Fuad, kwa sababu ya kunyimwa mapenzi na heshima, na baada ya baba kufa jamaa wanainuka kumnyang'anya hata ardhi aliyokuwa akiilima na mumewe, Sulubu. Mwandishi angeweza kumleta kadhi mwema katika ukurasa wa mwisho. Hakufanya hivyo. Alimwacha msomaji na ardhi ile iwashe kiganjani mwake. Na wasomaji wengi wanaijua ardhi hiyo kwa jina jengine, kwa sababu mna koo ambamo fungu la binti, lililotajwa waziwazi katika Qur'ani, husubirishwa mwaka baada ya mwaka kwa maneno matamu ya "nyumba ya urithi haigawiwi", mpaka binti mwenyewe anakuwa bibi, naye akafa.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inakwenda mbali zaidi. Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima barazani na jeuri nyumbani. Binti yake, Maimuna, amefungiwa ndani kama kitu cha thamani ambacho mwenyewe hakithamini. Anapotoka na kuangukia ulevi na ukahaba wa mjini, msomaji mvivu yuko tayari kusema kwamba ndiyo malipo ya mtoto asiyesikia. Riwaya haimruhusu. Kila hatua ya kuanguka kwa Maimuna inarejea kwenye kizingiti cha nyumba ya baba yake, na anayeulizwa ni yule aliyeshika ufunguo. Shafi Adam Shafi naye, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, alimtoa Yasmin katika ndoa ya mume mzee aliyeozwa angali kigori, akamwonyesha jamaa zake wa damu wakimfungia mlango, na Mwajuma, maskini wa Ng'ambo asiyehusiana naye kwa nasaba, akimfungulia wake. Hilo lilikuwa swali zito kuliko hotuba nyingi: ndugu ni nani? Riwaya hiyo ilipotiwa katika filamu na Amil Shivji mwaka 2021, vijana ambao hawakuwa wameishika mikononi walimwona Yasmin akitembea katika mitaa wanayoijua, na hapana aliyehitaji mchawi wala mama wa kambo ili aelewe nani alimkosea.

Wako wenye kupinga, na hoja yao yastahiki kujibiwa kwa adabu. Wanasema kwamba ustaarabu wa pwani umejengwa juu ya stara, kwamba mambo ya ndani hayatolewi barazani, na kwamba riwaya na filamu zinazofichua aibu za nyumba zimeiga mila za watu wengine. Mara nyingi humtaja Mwana Kupona wa Pate, na utenzi wake wa mwaka 1858, kuwa kipimo cha heshima ya nyumba.

Na iwe hivyo, Mwana Kupona awe kipimo. Alikuwa mjane mgonjwa aliyemkalisha binti yake na kumwambia mambo ya nyumba: mume, mavazi, maneno, watumwa, ibada. Mtu anaweza kuyakubali mawaidha yake au akayapinga, na wako wanaoyapinga. Lakini hawezi kukana kwamba mwanamke huyo aliyaweka mambo ya chumbani katika beti zilizokaririwa na maelfu, na hakuna aliyesema kwamba amevunja stara. Fasihi ya pwani haikuwa bubu juu ya nyumba hata siku moja. Iliyafumba maneno, haikuyameza. Stara kwa maana yake halisi humfunika mkosewa asidhalilike. Kumfunika dhalimu asijulikane kuna jina jengine.

Thamani ya kimya hicho imepimwa na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobel ya fasihi mwaka 2021, katika riwaya yake ya Kiingereza, Gravel Heart, ya mwaka 2017. Baba anaondoka nyumbani bila ya neno na kwenda kuishi katika chumba cha kupanga. Kila siku mama anampelekea kikapu cha chakula. Mtoto wao, Salim, anakua akikitazama kikapu hicho, na hapana mtu mzima hata mmoja anayemwambia kisa chake. Anafika hadi London akiwa na kikapu kile kichwani. Anapokuja kuusikia ukweli, kwamba mama alitolewa kuwa bei ya uhuru wa kaka yake mbele ya mtu mwenye nguvu, ujana umeshakwisha na mama ameshazikwa. Hiyo ndiyo stara inayosifiwa: watu wazima walistirika, na mtoto akalipa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha uchi hazai.

Hoja ya pili ni ya soko. Watengenezaji husema kwamba watu wamechoka na shida za mchana, na usiku wanataka kulia kidogo na kulala. Hoja hii inamtusi mtazamaji. Bibi anayenunua doti ya kanga husoma jina lake kabla ya kutazama rangi, kwa kuwa anajua ni nani mtaani atakayelisoma na litamchoma wapi. Ukumbi wa taarab huinuka wote kwenda kumtunza mwimbaji kwa fumbo moja lililofika mahali pake. Watu wenye masikio ya namna hiyo hawahitaji kutafuniwa. Wanaopewa makapi si kwa sababu wameyaomba. Ni kwa sababu makapi hayana gharama kwa muuzaji.

Hata anayependa khatima njema ana mfano wa kuufuata ndani ya lugha hii. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, liwali Adili ana manyani wawili anaowapiga kila usiku hali moyo wake unauma. Mfalme Rai hakuridhika na machozi ya liwali. Alidai habari yote, kuanzia mwanzo, na mbele yake ikabainika kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili waliomtosa baharini kwa husuda. Adili anawasamehe, na ubinadamu wao unarejea. Lakini msamaha huo ulikuja baada ya kisa kusimuliwa na kila tendo kuitwa kwa jina lake. Hakuna riwaya ya Kiswahili iliyo na huruma zaidi ya hiyo kwa ndugu waovu, na hakuna iliyokataa zaidi yake kuwafichia uovu wao.

Kwa hiyo msomaji wa riwaya na mtazamaji wa filamu ana haki ya kuwa na kipimo chake, nacho ni chepesi kukibeba. Kitabu kinapofungwa au taa za ukumbi zinapowashwa, asiulize ni nani aliyelia, wala ni wangapi waliolia naye. Aulize: kilichochukuliwa kimerudi? Na kama hakikurudi, je, mtunzi amekuwa mkweli wa kusema kwamba hakikurudi? Kazi isiyoweza kulijibu swali hilo, hata iwe imeliza visiwa vizima, imesimama upande wa aliyeshika ufunguo.