Si Kila Nyeupe Ni Pe

Wanafunzi wenzangu, kuna uongo unaouzwa madukani kwa kopo la lita 4 na kwa ndoo ya lita 20. Uongo huo unasema kwamba zipo rangi za ukutani zisizo na upande. Nyeupe, krimu, kijivu na jamaa zao zinasifiwa kuwa rangi tulivu, ambazo mtu akizichagua hawezi kukosea. Basi mwenye nyumba anayeogopa nyekundu na buluu huzikimbilia kama anayekimbilia kivuli. Wiki mbili baadaye krimu ya chumbani inaonekana waridi, kijivu cha sebuleni kinaonekana zambarau, na nyeupe ya ukumbini ina ubaridi wa chumba cha sindano.

Lawama zote humwangukia fundi. "Fundi, umechanganya nini humu?" "Ssebo, hiyo ndiyo namba uliyonipa." Fundi anasema kweli, lakini anayelipa ndiye mwenye sauti. Salio la malipo linakatwa, au fundi anaamriwa apake upya kwa jasho lake mwenyewe. Wawili hao wamegombana kwa sababu, kabla ya kopo kufunguliwa, hakuna aliyetaja rangi hiyo inaegemea wapi.

Katika insha hii nashikilia mambo mawili. La kwanza, hakuna rangi ya ukutani isiyo na upande, na anayeinunua bila kuujua upande wake anacheza kamari na fedha zake. La pili, Kiswahili kina maneno ya kuutaja upande huo, tena mazuri kuliko yale ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye kadi za madukani. Tunachokosa ni ushupavu wa kuyatoa darasani na kuyapeleka kazini.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Rangi nyeupe ya siku hizi hupata weupe wake kwa unga wa titani dioksidi. Muuzaji akitaka kupata krimu au kijivu, huchukua nyeupe hiyo ya msingi na kuidondoshea rangi kali: nyeusi, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, au buluu. Matone ni machache, lakini hayapotei. Kijivu kilichotengenezwa kwa nyeusi na buluu kitabaki na ubuluu. Kijivu kilichotiwa nyekundu kidogo kitaelekea zambarau au waridi. Na hapa kuna mtego unaowanasa wengi: nyeusi ikichanganywa na manjano huzaa ukijani. Ndiyo maana mtu huagiza rangi "ya kijivu yenye joto kidogo", kisha akapata ukuta wenye sura ya ukungu wa mtungi. Hakudanganywa na mashine, wala fundi hakuongeza kitu. Ukijani ulikuwamo tangu mwanzo, nao ulisubiri ukuta mpana ili ujitokeze.

Upande huo uliojificha ndio nitakaouita mwegemeo wa rangi. Kwenye kadi ya dukani yenye vipande vidogo kama stempu, mwegemeo hauonekani kwa urahisi, kwa kuwa jicho halipewi eneo la kutosha. Njia ya kwanza ya kuufichua haihitaji fedha. Kama kadi imepangwa kutoka rangi iliyofifia hadi iliyokolea, usitazame ile iliyofifia unayoitaka. Tazama iliyokolea kuliko zote katika safu hiyo. Mara nyingi ndiyo inayotoa siri ya ukoo mzima. Njia ya pili ni kuiweka kadi juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia. Ile uliyodhani ni nyeupe itakiri papo hapo kwamba ni ya manjano, ya waridi au ya kijani. Waliosema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, hawakuwa wakizungumzia kopo la rangi, lakini maneno yao yanalifaa.

Sasa nawageukia wapinzani wangu wa kwanza, nao ni washauri wa kwenye simu. Kanuni yao inayorudiwa sana ni kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga baridi, kwa hiyo kipakwe nyeupe yenye umanjano. Kwa London kanuni hiyo ni sahihi. London iko zaidi ya nyuzi 51 kaskazini ya ikweta, na jua la adhuhuri huko huwa kusini mwaka mzima. Lakini Kampala haifiki hata nyuzi moja kutoka ikweta. Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini. Dirisha la kaskazini linalopata jua mwezi Juni halilipati mwezi Desemba. Anayepaka nyumba ya Kampala kwa kanuni ya London ni kama aliyevaa koti la baridi kwa sababu mtangazaji wa redio ya ng'ambo amesema kuna theluji.

Kwetu mambo yanayotawala ni mengine. Kuna mashariki na magharibi: chumba kinachopokea jua la asubuhi, na kinachopokea jua la saa kumi na moja jioni, ambalo huja na umanjano na wekundu wake. Kuna vitu vilivyo nje ya dirisha: shamba la migomba likigusana na ukuta wa nyumba hurudisha mwanga wa kijani chumbani, na uwanja wa udongo mwekundu hurudisha wekundu. Kuna baraza pana na paa lililoshuka, ambavyo hukata mwanga kabla haujaingia. Halafu kuna taa. Tazama boksi la balbu: iliyoandikwa kelvini 2700 au 3000 inatoa mwanga wa manjano, na iliyoandikwa 6500 inatoa mwanga unaoelekea buluu. Krimu ile ile itakuwa kama maziwa chini ya taa ya kwanza, na chini ya pili itaonekana kama karatasi iliyolowa. Familia ambayo hukutana sebuleni usiku tu inapaswa kuichagulia rangi balbu yake kabla ya kulichagulia jua.

Hata hayo hayatoshi, kwa sababu rangi haikai peke yake. Katika karne ya 19 mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins jijini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyeusi ya kiwanda ilikuwa dhaifu. Alipoichunguza aliona kwamba kasoro haikuwa katika nyuzi nyeusi bali katika rangi zilizowekwa jirani nazo. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Funzo lake ni la kila nyumba: vigae vyenye wekundu vitaisukuma kijivu ya ukuta ionekane ya kijani, na pazia la kijani litaamsha uwaridi uliolala ndani ya krimu. Kwa hiyo anayechagua rangi dukani, mbali na sakafu yake na makochi yake, amechagua nusu tu.

Wapinzani wangu wa pili wako karibu zaidi, tena baadhi yao tunakaa nao darasa moja. Hao husema kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi. Ushahidi wao ni sarufi: vivumishi vya rangi vyenye mizizi inayopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Vingine vyote, wanasema, ni majina ya vitu yaliyoazimwa: kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa kitabu chao maarufu kuhusu majina ya msingi ya rangi duniani, na moja ya vigezo vyao lilikuwa kulitilia shaka jina la rangi ambalo pia ni jina la kitu. Tangu hapo, mwanafunzi anayekisoma kigezo hicho haraka huondoka akiamini kwamba kusema "rangi ya kitu fulani" ni dalili ya upungufu.

Napinga. Kigezo hicho kiliwekwa kwa kazi ya kuhesabu, wala hakikuwekwa kwa kazi ya kupaka nyumba. Kwenye ukuta, jina linaloelekeza kwenye kitu ndilo jina lenye faida. Ukimwambia fundi "kijivu", hujamwambia kitu. Ukimwambia "kijivu cha jivu la kuni", ameona weupe wenye joto ndani yake. Ukimwambia "kijivu cha wingu la mvua", ameona ubuluu. Krimu ya maziwa mabichi, krimu ya ganda la yai na krimu ya samli ni krimu tatu, na kila mtu aliyewahi kuingia jikoni anazitofautisha. Je, kadi ya dukani inatupa nini? Majina ya Kiingereza yanayosifu hariri, pwani na ndoto za alfajiri. Majina hayo yanauza, lakini hayaelezi. Hakuna fundi anayeweza kukagua kama ndoto imepakwa sawasawa.

Tena hiyo "rangi ya" ni silaha moja tu. Kiswahili kina urudufishaji: manjanomanjano si manjano kamili, bali ni kitu chenye dalili za umanjano. Kina "kwa mbali": tunasema nyeupe yenye ukijani kwa mbali, na kila msikilizaji anaelewa kwamba ukijani upo lakini haujajitangaza. Kina tanakali: nyeupe pe, nyeusi tii. Neno hilo dogo "pe" linafanya kazi ambayo kadi nzima inashindwa, kwani linatenga nyeupe isiyo na doa la rangi nyingine na nyeupe zote nyingine. Nyingi kati ya nyeupe za madukani si pe, na mnunuzi ana haki ya kuuliza: kama si pe, inaegemea wapi?

Anayedhani nazungumza nadharia asikilize watu wanavyoelezana sura. Mswahili hasemi tu kwamba mtu ni mweupe au mweusi. Husema ni wa maji ya kunde, na aliye mbali hupata picha ya wekundu wa joto uliomo ndani ya rangi hiyo. Jamii inayouona mwegemeo usoni mwa mtu haiwezi kuambiwa kwamba haina macho wala maneno ya kuuona ukutani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri, na kwamba anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga, ambacho Kampala tunakiita muzigo, hana nafasi ya kuhangaika na uwaridi wa krimu. Mimi naona kinyume. Tajiri akikosea hupaka tena mwezi ujao. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za mita 2.7, ukikipaka mikono miwili, humeza karibu lita 6 za rangi. Kwa mwanafunzi au mwuza mboga hiyo ni fedha ya kutoka mara moja, na ukuta atakaoupata ataishi nao miaka. Chumba chenyewe mara nyingi kina dirisha moja na balbu moja, kwa hiyo mwegemeo ukikosewa hakuna kona ya kuukimbilia.

Jaribio la kujiokoa ni rahisi. Nunua kopo dogo kuliko yote. Paka mikono miwili kwenye kipande cha boksi kigumu chenye upana wa nusu mita, kilichopakwa nyeupe kwanza, na uache kikauke kabisa, maana rangi mbichi si shahidi mwaminifu. Kisimamishe ukutani asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku taa ikiwaka. Kihamishe kwenye kila ukuta, kiwekwe karibu na sakafu na pazia. Kisha andika kwa Kiswahili unachokiona, na umsomee fundi kabla hajaanza. Karatasi hiyo ni mkataba. Kama ukuta utakuja kutofautiana na boksi, mtajua nani wa kuulizwa. Na kama unafanana nalo, fundi atapokea malipo yake yote.

Namalizia kwa madai mawili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha haiwi rasmi kwa karatasi ya serikali peke yake. Huwa rasmi pale inapomaliza ugomvi wa mwenye nyumba na fundi. Kwa hiyo nawadai walimu wetu waliozoea kutupa zoezi la kutaja rangi za bendera: watupeleke nje ya ukumbi wa mihadhara, watuamuru tuueleze ukuta wake saa mbili asubuhi na tena saa kumi na moja jioni, na wakatae jibu la "ni mweupe". Nanyi wanafunzi wenzangu mnaofanya vibarua vya kutafsiri: mkiletewa orodha ya rangi, msitafsiri hariri na ndoto. Nendeni mkaione rangi yenyewe, mseme inaegemea wapi. Rangi ikishakauka ukutani, hakuna kamusi itakayoibandua.