Nani Ampigie Simu Mke wa Askari?

Chamazi, Dar es Salaam, si kambi. Ukishuka kwenye daladala la kwenda Mbande unakutana na maduka ya saruji na nondo, mafundi waliokaa kivulini wakisubiri kazi, na mapagale kila upande. Askari nao wananunua viwanja huku kama mtumishi mwingine yeyote, na mume akishaondoka kwenda Kongo, mke ndiye anayebaki kugombana na fundi.

Mtaani maneno huwa mafupi: "Mumewe yuko misheni, wana hela." Tangu Julai 2018 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukilipa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari wa kulinda amani, lakini malipo hayo huenda kwa serikali, nayo ndiyo inayoamua askari apate nini. Isitoshe, si kila aliyekwenda Kongo alikwenda chini ya Umoja wa Mataifa. Kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichopelekwa Desemba 2023 kilikuwa na utaratibu wake. Majirani hawana muda wa kutofautisha. Wanaona tofali zinashushwa, basi.

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na jengo lililoishia kwenye lenta na ujumbe wa WhatsApp uliobaki na tiki moja. Asubuhi alikaanga maandazi kama kawaida, simu ikiwa kwenye chaji pembeni ya beseni la unga. Kufikia jioni video zilikuwa zimeshasambaa, kila mtu na tafsiri yake. Habari ya kwanza ya maana aliipata kwa askari rafiki wa mumewe: "Shemeji, tulia. Mzee yuko salama." Huyo hakutumwa na mtu. Alimwonea huruma tu, na alikuwa na salio.

Siku chache baadaye Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitangaza kwamba askari wake wawili walikuwa wamefariki huko. Tarehe 13 Machi wakuu wa SADC waliamua kukiondoa kikosi, na kuondoka kwenyewe kulianza tarehe 29 Aprili, kwa barabara kupitia Rwanda. Tangu Goma kutekwa hadi hapo ni miezi mitatu ya askari kukaa kwenye kambi katika eneo lililoshikwa na M23, na ya wake zao kuishi kwa kubahatisha.

Najua jibu litakalotolewa: mambo ya jeshi ni siri. Na ni kweli. Idadi ya askari, njia wanazopita, siku ya kubadilishana zamu, hayo yakivuja watu wanakufa. Ila kumwambia mke kwamba mumewe ni mzima hakumpi adui ramani. Siri ya namna ya pili haimlindi askari; inaipunguzia ofisi usumbufu wa kuulizwa. Na panapokosekana sauti ya jeshi, anayesikika ni mwenye video, ambaye mara nyingi ni adui mwenyewe.

Tumekuwa na sababu za kuuliza. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 Watanzania wasiopungua 14 wa kulinda amani waliuawa kambini Semuliki, Kivu Kaskazini. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulibaini kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada au kuwatoa. Mjane angeweza kuuliza wapi swali kama hilo? Ibara ya 44 ya Katiba inataka Rais akitangaza vita, Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kuitafakari hali hiyo. Lakini kulinda amani hakuhesabiwi kuwa vita, hata pale risasi zinapokuwa zilezile.

Wakenya wameandika kwenye Ibara ya 240 ya Katiba yao kwamba majeshi yasipelekwe nje bila idhini ya Bunge. Ni jambo jema, lakini halikutosha: baada ya shambulio dhidi ya kambi yao ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, serikali yao haikutoa idadi kamili ya waliokufa, na familia zikaachwa zikijumlisha zenyewe majeneza. Kwa hiyo mimi sianzii kwenye katiba. Naanzia kwenye kitu kidogo na cha bei nafuu: kila kikosi kinachokwenda nje kiache afisa mmoja nyumbani, anayejulikana kwa jina, mwenye orodha ya wenza na wazazi, mwenye amri ya kupiga simu kabla taarifa haijasomwa redioni. Apige hata kama hana jipya. Na ajue pia posho imekwama wapi, maana fundi haelewi habari za Goma.

Wapo watakaosema hilo ni la makamanda, wanasiasa wakae mbali. Lakini fedha za Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa hupitishwa Dodoma kila mwaka, na tangu mwaka 2025 Chamazi imekuwa jimbo kamili la uchaguzi. Mbunge wake anaweza kusimama na kumuuliza waziri: afisa huyo yuko, na namba yake ni ipi?