Ngoma Si ya Mgeni Rasmi Peke Yake

Wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu, wanaamini kwamba sayansi ni ya kutumia akili na muziki ni wa kuchangamsha watoto. Mtoto akishika ngoma anaambiwa aache mchezo, akasome. Imani hii ni potofu, na wanaoilipia ni wanafunzi wetu wa shule za msingi.

Shule nyingi zina ngoma. Hutolewa stoo akija mgeni rasmi au siku ya mahafali ya darasa la saba, kisha hurudishwa na mlango ukafungwa. Kesho yake mwalimu wa sayansi anaandika ubaoni kwamba sauti hutokana na mtetemo, watoto wananakili na kukariri. Ukiuliza jaribio liko wapi, jibu ni moja: hatuna maabara. Nasema maabara ipo, imefungiwa stoo.

Nyunyiza punje za mchele juu ya ngozi ya ngoma, uipige taratibu. Mchele utarukaruka. Ongeza nguvu, utaruka juu zaidi na mlio utakuwa mkubwa zaidi. Kisha ipashe moto, kama wapigaji wetu wafanyavyo tangu enzi za mababu: ngozi inakauka, inakaza, na sauti inapanda. Mwanafunzi mmoja aipige akiwa mita 200 kutoka kwa wenzake. Wataona mkono ukishuka kwanza, mlio utawafikia baadaye kidogo, kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Hakuna kilichonunuliwa hapo.

Chukua pia chupa za soda, uzitie maji kwa viwango tofauti. Ukizigonga kwa kijiko, yenye maji mengi hutoa sauti nzito. Ukizipuliza mdomoni, yenye maji mengi hutoa sauti nyembamba. Watoto watabishana, na waachwe wabishane! Watagundua kwamba ukigonga, kinachotetema ni kioo, na maji yanakiongezea uzito. Ukipuliza, kinachotetema ni hewa iliyobaki ndani, nayo imepungua. Kukisia, kujaribu, kukosea na kutafuta sababu ndiyo sayansi yenyewe.

Anayedhani haya ni mambo ya kitoto amsome Vincenzo Galilei, mwanamuziki wa Italia wa karne ya 16. Alipiga luti, ala iliyotokana na udi, huu huu tunaousikia kwenye taarab ya Unguja na Mombasa. Wasomi waliamini kwamba ukitundika uzito maradufu kwenye uzi, sauti hupanda oktava moja. Yeye alijaribu, akakuta uzito unaotakiwa ni mara nne. Mwanawe, mwanasayansi mashuhuri Galileo, alikulia katika nyumba hiyo na yeye mwenyewe alipiga luti.

Wapo watakaosema, mbona tunaimba tayari? Ni kweli, watoto wanaimba majina ya sayari na sehemu za ua. Nyimbo hizo zinasaidia kumbukumbu, wala sizipingi. Lakini kukariri kwa wimbo bado ni kukariri. Kuunganisha muziki na sayansi ni kumfanya mtoto aulize kwa nini ala inalia hivi na si vile.

Hoja nyingine ni mtihani. Tunaambiwa muda hautoshi, darasa la saba linasubiri. Sauti ni mada iliyomo kwenye masomo ya sayansi ya msingi, kwa hiyo mwalimu anayeleta ngoma darasani hajatoka nje ya kazi yake. Mtoto aliyeona mchele ukiruka hahitaji kukumbushwa mara kumi maana ya mtetemo.

Walimu wakuu, fungueni stoo. Mwalimu wa Dodoma, lete ilimba ya Wagogo, watoto wapime kwa rula urefu wa kila ulimi wa chuma na kuulinganisha na sauti yake. Mwalimu wa Zanzibar, mwalike mpiga kanuni aeleze kwa nini nyuzi zake hazilingani urefu. Nawe mzazi, mtoto akirudi nyumbani akigonga chupa na masufuria, usimkaripie. Muulize amegundua nini.