Kunyoosha meno ya vijana: tiba au pambo?

Wapo wazazi Kariakoo wanaowakatalia vijana wao nyaya za kunyoosha meno, wakichelea kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Tuipambanue nia. Hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud (r.a.) inawalaani wanaojitia mwanya kwa ajili ya urembo; ilhali imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Arfaja, aliyekatwa pua vitani, avae pua ya dhahabu. Kuondoa dhara si kujipamba. Meno yaliyopandana hutafuna kwa shida, husafishika kwa taabu, na huoza upesi. Basi tumpeleke kijana kwa daktari wa meno, Muhimbili si mbali, apimwe: huenda kifaa cha kuvaa na kuvua kikamtosha, au akahitaji nyaya zisizovuliwa kwa miaka 2 hivi. Watoto ni amana. Wallahu a'lam.