Kabla Ramani ya Kakuma Haijapakwa Rangi

Leo sitaongea juu ya mpira wala skolashipu. Nataka tuongee juu ya ramani. Najua kuna mtu atasema ramani ni maneno ya mainjinia, lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu ramani inaweza kufunga biashara ya mama yako bila mtu yeyote kumchukia mama yako.

Huku kwetu neno "zoni" kila mtu analijua. Ukiniuliza nakaa wapi, nitakuambia Kakuma 3, halafu zoni, halafu bloki, halafu namba ya nyumba. Zoni ni anwani tu. Lakini sasa neno hilohilo linakuja na maana nyingine. Kakuma imepewa hadhi ya manispaa, na manispaa ni lazima iwe na mpango wa matumizi ya ardhi. Katika mpango huo, zoni haisemi tu unakaa wapi. Inasema hapo unapokaa unaruhusiwa kufanya nini: kulala, kuuza, kufuga, kufungua karakana, kujenga ghorofa au kutojenga kitu chochote.

Hapa Kenya ramani za aina hii zina rangi zake. Makazi ni kahawia. Biashara ni nyekundu. Shule ni rangi ya chungwa, viwanja vya wazi ni kijani, maji na umeme ni bluu, barabara ni kijivu. Ukiiangalia kwa ukuta inapendeza, kama kitenge kipya.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza nilipoitwa kutafsiri kwenye kikao. Mimi ni mtu wa kujitolea, nimemaliza kidato cha nne, kazi yangu ni kugeuza Kiingereza kiwe Kiswahili ili wazee waelewe. Ramani ilikuwa ya majaribio, walisema hivyo wenyewe, na sina shida na hilo. Ilionyeshwa kwa projekta kwa muda wa dakika kama ishirini. Nikatafuta bloki yetu. Ilikuwa kahawia tupu, kutoka kona hadi kona.

Sasa nikuambie bloki yetu iko namna gani kwa macho. Mama yangu anapika mandazi mbele ya mlango tangu saa kumi na moja asubuhi, na jioni anauza ndagala. Jirani yetu Msomali ana duka dirishani. Nyumba ya tatu kuna kijana Mrundi na cherehani yake. Nyuma kuna kinyozi anayechaji simu kwa sola, na hapo ndipo vijana wote tunapokutana. Kwa ramani ile, wote hawa ni kahawia, yaani watu wanaolala. Hakuna mtu anayeuza kitu.

Nilimuuliza mmoja wa wale waliokuja: mtu akiwa na biashara ndani ya kahawia, anafanya nini? Akanijibu vizuri tu, kwa heshima, kwamba mwenye kiwanja anaweza kuomba kibali cha kubadilisha matumizi. Nikatafsiri. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mwenye kiwanja ni nani?" Hilo swali nilishindwa kulitafsiri bila kuona haya. Ili uombe kubadilisha matumizi unahitaji karatasi za umiliki. Mama yangu ana kitambulisho cha mkimbizi na sufuria. Hati ya ardhi hana na hajawahi kuwa nayo.

Hapo ndipo penye hatari. Mji ukikua, sheria inafika. Askari wa kaunti akifika na ramani mkononi, hatauliza historia. Ataona kahawia, ataona mandazi, na mandazi yatakuwa kosa. Na kwa wakati huu msaada wa chakula umepunguzwa, hayo mandazi ndiyo yanatununulia unga. Utafiti wa shirika la fedha la kimataifa IFC wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 katika kambi na mji wa Kakuma. Nyingi haziko kwenye barabara kubwa. Ziko mlangoni kwa mtu.

Lakini nisiwadanganye. Sisemi sheria za matumizi ya ardhi ni mbaya. Acha niseme na kosa letu pia.

Miaka kadhaa iliyopita mama alisogeza uzio wetu wa miiba ya mathenge hatua mbili nje, ili apate kivuli cha kupikia. Mimi ndiye nilichimba mashimo. Jirani wa ng'ambo akaona, naye akasogeza. Wengine wakafuata. Hakuna aliyefunga barabara, kila mtu alichukua hatua mbili tu. Usiku mmoja moto ukawaka nyumba ya mwisho, kibatari kilianguka. Gari la maji lilikuja, nalo likasimama mwanzo wa njia, halipiti. Tulikimbia na madumu. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, lakini nyumba tatu ziliisha, na mama mmoja alipoteza karatasi zote za familia. Kwa hivyo mtu akiniambia tuache kila mtu ajenge anavyotaka, mimi nakataa. Njia ya gari la maji haina mwenyewe mpaka siku ya moto.

Vilevile kuna Tarach. Laga hii hukaa kavu miezi mingi, watoto wanacheza mpira ndani yake. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanakuja usiku bila kupiga hodi. Watu waliwekwa karibu na njia ya maji kwa sababu walikuwa wengi, walifika kwa haraka, na hapo palikuwa wazi. Ramani nzuri ingesema: hapa hakuna mtu kulala. Hiyo nitaiunga mkono mia kwa mia, ila wale walioko hapo waonyeshwe kwanza pa kwenda, kabla ya kuonyeshwa pa kutoka.

Basi kanuni tunazihitaji. Swali ni nani anashika penseli, na anaanzia wapi.

Tuangalie waliotutangulia. Nairobi, mji mkubwa kuliko yote Kenya, ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Ni kambi kama sisi. Serikali ya kikoloni ikaugawa kwa rangi ya watu: Wazungu upande wa magharibi kwenye viwanja vikubwa, Wahindi maeneo kama Parklands, Waafrika wakabanwa Eastlands, tena kama vibarua wa kupita tu. Mkoloni alishaondoka. Lakini panda matatu leo kutoka Karen hadi Eastlands, uniambie kama ile ramani imeondoka.

Halafu kuna Kibera. Wanubi, askari waliotoka Sudan kutumikia jeshi la Waingereza, waliwekwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Waliambiwa wakae, lakini hawakupewa hati. Waliitwa wapangaji wa serikali. Watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, mji ukawazunguka, na kwa makaratasi bado walikuwa kama wageni. Hati ya jamii ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Zaidi ya miaka mia moja! Na walitoka upande uleule ambako wengi wetu hapa tumetoka. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Tumeshamaliza zaidi ya miaka thelathini. Tusingoje sabini nyingine.

Na sasa nije kwa neno ambalo vijana wakimbizi hatupendi kulisema kwa sauti. Hii ardhi si yetu. Ni ardhi ya jamii ya Waturkana. Kwa sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016, serikali ya kaunti inaishika kwa niaba yao mpaka itakaposajiliwa. Mturkana akisikia wakimbizi wanadai ramani, anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, "Na mimi? Malisho yangu yako rangi gani?"

Rafiki yangu Mturkana, tulisoma naye sekondari, alinifundisha neno ekwar. Ni kipande cha miti kando ya mto ambacho familia fulani ina haki ya kukitumia. Wakati wa kiangazi maganda ya mgunga yanaangukia hapo na mbuzi wanakula. Mtu mwingine haingii kukata miti bila ruhusa. Hakuna ubao wala rangi, na mipaka inajulikana. Nikamwambia, basi nyinyi mlikuwa na zoni kabla ya mipango miji. Akacheka, lakini akasema wageni wengi wanaofika hapa wanasema ni jangwa tupu, haina mtu. Kumbe ramani inaweza kumfuta mwenyeji kama inavyoweza kumfuta mkimbizi. Kwa hilo tuko upande mmoja.

Hata Kalobeyei ilipangwa wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, na wataalamu wa UN-Habitat walishiriki kuichora. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vikaleta watu wengi kwa haraka, na makazi yakajaa wakimbizi kwanza. Mpango ulikuwa mzuri, maisha yakaja na haraka yake. Kwa hivyo ramani isiwe kitu cha kuchorwa mara moja na kuwekwa kwa fremu. Iwe na siku ya kurudiwa, inayojulikana na kila mtu.

Wengine wananiambia, "Wewe ni mkimbizi, kaa kimya, hayo ni ya wenye nchi." Jamani, someni. Katiba ya Kenya, kifungu cha 184, inazungumzia ushiriki wa wakazi katika uongozi wa miji. Wakazi. Haikuandika raia. Na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi awezeshwe kuchangia maendeleo ya uchumi na jamii ya Kenya. Nitachangiaje kama duka langu ni kosa? Mpango wa Shirika ulizinduliwa Machi 2025 ili kambi ziwe makazi ya watu wote. Basi tuanze na jambo dogo: tuitwe wakati penseli bado iko mkononi, tusiitwe wakati alama ya X nyekundu iko kwa ukuta.

Kuna na wale wanaosema kuongea mambo ya ramani ni kukubali kwamba hatutaondoka. Naelewa. Hata mimi faili langu liko mahali fulani. Lakini Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025, na tangu hapo nimeona vijana wameacha hata kuziba paa kwa sababu ya kusubiri. Kusubiri hakuzuii mvua. Ukiondoka kesho, ndugu yako atabaki hapo, na atahitaji njia na bomba.

Kwa wafanyakazi wa mashirika na wa kaunti mnaosoma hapa, ninaomba mambo manne, na yote yanawezekana.

Kwanza, biashara ndogo ya nyumbani iruhusiwe ndani ya makazi bila kuombewa kibali cha kubadilisha matumizi. Wekeni masharti ya moto, usafi na kelele, tutayafuata. Lakini mandazi, cherehani, kinyozi na duka la dirishani visiitwe uvunjaji wa sheria.

Pili, njia za maji, njia za gari la maji na njia za mifugo zichorwe kwanza kabla ya rangi nyingine zote. Wazee wa Kiturkana na wazee wa bloki wanazijua bila setilaiti.

Tatu, ramani itembee. Dakika ishirini za projekta si ushirikishwaji. Ichapishwe kubwa, ikae kwenye bomba la maji na sokoni wiki kadhaa, ikiwa na maelezo kwa Kiswahili, Kiturkana, Kisomali, Kiarabu na lugha nyingine tunazozungumza. Mama yangu hatakuja ofisini kwenu, ana mandazi kwa moto. Lakini maji anachota kila siku.

Nne, mkija kupima, msipime peke yenu. Tembeeni na kijana mmoja wa bloki na kijana mmoja Mturkana. Watawaonyesha kwa siku moja kitu ambacho droni haitaona kwa mwezi.

Na sisi vijana tusikae tu kulaumu. Mimi nimeanza. Nimenunua daftari, nikaandika vitu vyote vilivyo bloki yetu: bomba, vyoo, maduka, cherehani, mahali watu wanasali, mahali maji hupita mvua ikinyesha, na njia ambazo tumezifinya sisi wenyewe. Jioni mbili zilitosha. Wiki iliyopita mimi na mama tulirudisha uzio wetu nyuma hatua mbili. Alilalamika kidogo juu ya kivuli, lakini alikubali. Jirani wa ng'ambo bado anatuangalia.

Fanya hivyo kwa bloki yako. Kikao kingine kikiitishwa, nenda na daftari. Wakikuuliza umetoka wapi, sema zoni yako kama kawaida. Halafu fungua daftari, uwaambie kuna nini ndani yake.