Sakhr: Kompyuta iliyojua Kiarabu, Kiswahili kikisubiri

Alipofariki dunia Machi 2024, mfanyabiashara wa Kuwait Mohammed Al-Sharekh aliombolezwa na Waarabu wengi waliokuwa watoto katika miaka ya 1980. Walimkumbuka kwa Sakhr, kompyuta ya nyumbani iliyoandika Kiarabu.

Kampuni yake, Al Alamiah, iliasisiwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata ulitangazwa Japan mfumo wa MSX, uliowezesha kompyuta za watengenezaji mbalimbali kutumia programu zilezile. Al Alamiah haikubuni mashine mpya. Ilichukua za Wajapani, zikiwamo za Yamaha, ikashughulikia lililo gumu zaidi, yaani lugha. Kiarabu huandikwa kutoka kulia, na herufi moja hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Sakhr AX-170 iliunganishwa na televisheni ya sebuleni, ikaleta michezo, masomo na lugha ya BASIC. Programu ya Qur'ani nayo ikapatikana.

Historia hii ina sura nyingine mtu akiitazama kutoka Ibra, Sur au Nizwa, nchini Oman. Familia nyingi za huko zina mizizi Unguja, Pemba na bara. Wengi walirejea baada ya Mapinduzi ya 1964, hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, wakakuta nchi yenye shule tatu tu za kisasa. Kiingereza walichosomea Afrika Mashariki kiliwafungulia milango ya ofisi, benki na sekta ya mafuta. Kiarabu kiliwatatiza baadhi yao, lakini watoto wao walikipata shuleni. Hivyo katika nyumba moja baba angeweza kutumia kompyuta ya Kiingereza kazini, mtoto akajifunza kwa Sakhr ya Kiarabu, na bibi akabaki na Kiswahili, lugha isiyokuwa na kompyuta.

Husemwa kwamba Kiswahili hakikuhitaji mashine yake kwa kuwa kinatumia herufi za Kirumi. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi ya kuhariri habari. Lakini herufi ni nusu tu ya jambo: amri, maelezo na masomo yote yalikuwa ya Kiingereza. Hata Kiswahili cha zamani cha hati za Kiarabu kisingetoshelezwa, maana herufi 28 za Kiarabu hazina p, v wala ch.

Siasa nayo ilichangia. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ilipolegezwa baadaye, mashine zilikuja na lugha yake. Ni mwaka 2004 ndipo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na Microsoft ikafuata na Windows yake.

Sakhr yenyewe haikudumu. Kompyuta za aina ya IBM ziliizidi nguvu MSX, na Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 1990 kampuni ilihamia Cairo. Mashine zilikoma, lakini ujuzi uliokusanywa ukaendelea katika programu za tafsiri, kamusi na usomaji wa maandishi ya Kiarabu.

Leo Kiswahili kimo ndani ya simu za mkononi, Ibra kama Dar es Salaam. Baadhi ya wajukuu wa wale waliorejea hawakichagui. Kiswahili chao ni cha kuzungumza na bibi tu.