Gari la Parokia: Tulitengeneze au Tuliuze?



Wapendwa waamini, tangu gari letu la parokia lilipochemsha njiani na injini yake kunoki, swali moja limenifuata kila niendako, mlangoni mwa kanisa, kwenye jumuiya, hata msibani: "Baba, tunalitengeneza au tunaliuza?" Halmashauri ya Walei na Kamati ya Fedha zitakutana juma lijalo kulijadili. Kabla ya kikao hicho napenda kuwashirikisha maoni yangu, kwa sababu ninajua kwamba familia kadhaa kati yenu zina gari la namna hiyo uani, limefunikwa turubai, likisubiri uamuzi ambao haufiki.

Jambo la kwanza ni kuujua ugonjwa. Tunaposema "injini imekufa" tunakuwa bado hatujasema kitu. Mkanda wa taimingi ukikatika, huenda valvu zimepinda tu na sehemu ya chini ya injini ikawa nzima. Gari likichemsha, pengine imeungua gasketi ya silinda hedi peke yake. Hapo maji huingia kwenye oili, nayo hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa, na moshi mweupe hutoka nyuma. Lakini injini ikikosa oili, beringi husagika, chuma hugonga chuma, na hapo ni lazima injini yote ifunguliwe. Gharama za magonjwa haya matatu hazikaribiani hata kidogo. Kwa hiyo fundi aulizwe mambo mawili: ni nini kilichokufa, na ni nini kilichokiua. Kwetu sisi, hosi ya rejeta ilipasuka, maji yakaisha, silinda hedi ikapinda na beringi zikalika. Rejeta yenyewe ilikuwa imeziba. Anayeweka injini nyingine juu ya rejeta iliyoziba anajiandaa kuzika injini mbili.

Jambo la pili ni hesabu. Mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, katika Injili ya Luka sura ya 14, unatukumbusha kwamba hesabu hutangulia kazi. Gari letu lina umri wa miaka 21. Likiwa zima, tumeambiwa lingeuzwa kwa shilingi milioni 14. Kama lilivyo leo, yupo aliye tayari kutoa milioni 6. Injini iliyotumika kutoka Japani, rejeta na ufundi vitagharimu milioni 9. Wengi wetu hulinganisha 9 na 14, wakaona faida ya milioni 5. Wanasahau kwamba zile milioni 6 tunazo tayari, kwa kuwa tunaweza kuzipokea leo bila kugusa hata nati moja. Matengenezo yataongeza thamani ya gari kutoka 6 hadi 14, yaani milioni 8, nasi tutakuwa tumetumia 9. Kama fundi angetuambia milioni 4, ningekuwa wa kwanza kusema tulitengeneze.

Nimesikia hoja moja nzito dhidi ya maoni hayo: gari letu tunalijua, na tutakalonunua hatulijui. Ni kweli. Gari lenye bodi imara, giaboksi nzuri na mwenye kulijua tangu mwanzo linastahili kupewa nafasi, na mara nyingi kulitengeneza ni busara kuliko kununua kilema cha mtu mwingine. Lakini kulijua gari ni pamoja na kuyajua maradhi yake yanayosubiri zamu. Dereva wetu amekuwa akilalamikia giaboksi tangu masika. Tena, injini ya kununua nayo hatuijui. Zile zinazouzwa Dar es Salaam, kule Gerezani na Ilala, hazifiki na historia ya maisha yake. Mnunuzi mwenye akili huomba kuisikia ikiunguruma, hufungua kifuniko cha oili kuona kama kuna matope meusi, na huuliza dhamana ni ya siku ngapi. Baada ya hapo, namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari ni lazima ibadilishwe TRA.

Wako pia wanaosema: mwaka jana tulinunua matairi manne na klachi mpya, je, fedha hiyo ipotee? Wapendwa, fedha hiyo imekwisha kutumika, na hairudi kwa kuongezewa nyingine. Matairi hayo yana thamani kwa kiasi ambacho mnunuzi yuko tayari kuyalipia, na kiasi hicho kimo tayari ndani ya zile milioni 6. Kosa hili huziumiza familia kuliko parokia. Baba huweka laki tano, kisha laki nane, kisha huona aibu kuacha kwa sababu ameshaweka nyingi. Mwisho huenda kukopa. Mkopo wa miezi 24 kwa ajili ya injini yenye dhamana ya siku chache ni mzigo ambao watoto wataubeba kwenye ada zao za shule. Anayeishi kwa teksi yake ana hesabu nyingine, kwa kuwa kila siku gari linapolala anakosa riziki. Naye pia na ahesabu, ila aziweke siku hizo ndani ya hesabu yake.

Mama mmoja mzee aliniambia, "Baba, gari lile ni jasho letu, msiliuze." Neno lake silichukulii kwa wepesi. Nyumba zilizotoa debe la mahindi ili gari lile lipatikane zina haki ya kuuliza. Lakini hazikutoa mahindi kwa ajili ya chuma. Zilitoa ili mgonjwa wa kigango cha mbali apate Mpako Mtakatifu kabla hajafumba macho. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, inaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Kwa roho hiyo hiyo, gari likiuzwa, kila shilingi yake ni lazima irudi kwenye usafiri wa kichungaji. Isipake rangi nyumba ya mapadre, isinunue spika. Na iandikwe: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimebakiza jambo linalonigusa kuliko yote. Dalali mmoja alikuja na ushauri: tutie oili nzito ili mgongano usisikike, tuoshe injini ing'ae, tuliuze kwa milioni 11. Alishangaa nilipokataa, akasema kila mtu hufanya hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilijibu swali hili katika karne ya 13, alipoandika juu ya haki katika kuuza na kununua. Farasi mwenye jicho moja, alifundisha, kasoro yake inaonekana. Muuzaji akipunguza bei inavyostahili, hana wajibu wa kuitangaza. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji anawajibika kuisema. Injini iliyonyamazishwa kwa oili nzito ni kasoro iliyofichwa kwa makusudi. Zile milioni 5 za ziada zingetoka mfukoni mwa mtu aliyetuamini kwa sababu gari lina nembo ya kanisa. Na siku injini itakaponyamaza mlimani usiku, atakayekuwa ndani ni mtoto wa mtu.

Basi maoni yangu ni haya. Tuliuze kama lilivyo, na maradhi yake yaandikwe kwenye hati ya mauziano: injini imenoki, rejeta imeziba, giaboksi ni dhaifu. Kwa kuwa limeandikishwa kwa jina la wadhamini wa jimbo, tuombe kibali chao kwanza. Fedha iwekwe akiba ya gari jingine dogo, litakalokaguliwa na fundi wetu kabla ya kulipiwa. Kwa sasa pikipiki itatufikisha vigangoni, na wagonjwa hawatakosa Komunyo ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kikao kina haki ya kuamua vinginevyo, nami nitatii hesabu iliyo bora kuliko yangu. Katika hati ya mauziano tu sitakubali neno lipunguzwe.

Nawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko